Ngozi ya Mgeni

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao. Hadithi hii ina watu watatu, ng'ombe mmoja na swali moja, na swali hilo limewashinda wenye digrii zao, wenye mvi zao na wenye vitambi vyao. Leo tuone nyie mna nini zaidi ya midomo.

Katika kijiji cha Ihandala, huko Ugogo ambako mtama huota kwa kubembelezwa, waliishi majirani watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Perisi alijaliwa miguu. Alikuwa mjane anayeponda kokoto kando ya barabara kuu, na ukimtuma mahali ambapo wewe ungelala njiani mara mbili, yeye angerudi kabla hujamaliza kumsengenya. Hakuwa na shamba la maana, hakuwa na mume, hakuwa na mbuzi. Miguu tu, na mama yake mzazi, Bibi Loi, aliyekuwa mgonjwa wa kulala.

Damari alijaliwa mkono usiojua kufumba. Alikuwa wifi yake Perisi, ameolewa na kaka yake aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na kutuma salamu tu. Ukimwomba Damari chumvi anakupa pamoja na kijiko. Usiporudisha kijiko, kesho anakupa kwa kiganja. Bibi Loi alikaa kwake, maana nyumba ya Perisi ilikuwa imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbeya.

Mazoya alijaliwa vidole. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani, mdomo wake ulikuwa pilipili, lakini vidole vyake viliona. Alimshika mbuzi tumboni akakwambia ana watoto wawili na mmoja kageuka. Aliishi na mjukuu wake Roda, wa miaka mitatu, yatima wa mama, na mbuzi jike wawili waliomnyonyesha huyo mtoto kuliko binadamu yeyote.

Basi siku moja wakaja watu wa mradi. Wakaja na bango, fulana na kofia, wakafanya semina ya siku mbili katika darasa la nne. Kumfundisha Mgogo kufuga ng'ombe! Ni kama kumfundisha kuku kuamka. Lakini kulikuwa na soda, na watu walielimika mpaka chupa ya mwisho.

Bwana mifugo wa mradi, kijana mpole aitwaye Lesilwa, akasimama akasema, "Ng'ombe huyu ni wa kisasa. Hatoki bandani. Majani ataletewa, maji ataletewa."

"Kama bibi harusi," wakacheka akina mama.

"Kama mfungwa," akasema Mazoya kutoka dirishani, maana ndani hakuruhusiwa.

"Mzee, mradi huu ni wa kina mama."

"Sawa. Basi na ndama wenu watolewe tumboni kwa karatasi."

Wakacheka tena. Chekeni na nyie, bado ni mapema.

Masharti yalikuwa mepesi. Anayepewa ng'ombe anakunywa maziwa na kuuza. Ndama jike wa kwanza anatolewa, anakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Wakapiga kura za vipande vya karatasi ndani ya kofia. Perisi akashika namba moja. Damari akashika namba mbili. Wifi na wifi wakakumbatiana pale pale, na Damari akamwambia mwenzake sikioni, "Mlishe vizuri, wifi. Unanilishia."

Akaletwa ng'ombe mwenye mabaka meupe na meusi, mkubwa kama kabati la sefu, mimba ya miezi minne tumboni. Wakamwita Mgeni. Na mgeni, mnajua, siku ya tatu hupewa jembe. Huyu jembe hakupokea. Alikula asubuhi, mchana na jioni, akatazama watu kama anauliza chakula kitaiva lini.

Sasa shikeni jambo moja kwa mikono miwili, maana ndilo mshipa wa hadithi yote. Huko kwao, mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake mmoja amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji huchuna ngozi akaibeba mpaka kwa mwenyewe, aione, aiguse, ayatambue mabaka. Ukienda mikono mitupu, umemla. Ukileta ngozi, umetakata, na mwenye ng'ombe akiwa na moyo hukukabidhi mwingine. Hayo hayaandikwi popote. Mtoto huyanyonya.

Karatasi ya mradi iliandika: ng'ombe akifa, taarifa ya kifo ifikishwe ofisini. Aliyeiandika alimaanisha karatasi nyingine. Ihandala nzima ilielewa ngozi. Hakuna aliyeuliza. Nani auulize mlango kama ni mlango?

Mwaka ule mvua zilinyesha mara tatu, kama mtu anayepita kusalimia tu, zikaondoka. Kufikia Agosti ardhi ilikuwa nyeupe. Wenye ng'ombe wa kienyeji waliwaswaga mbali, kwenye mabonde ya kusini, wakarudi na waliobaki. Mgeni hakuweza kuswagwa. Alikuwa wa banda, kwato zake laini kama za mwenye ofisi, na hatua mia mbili zilimtoa ulimi. Perisi akaacha kokoto. Alitembea alfajiri mpaka jua la utosi kutafuta mzigo wa majani makavu, na kila wiki majani yalihama mbali zaidi. Mbavu za Mgeni zikaanza kuhesabika. Tumbo peke yake ndilo lilibaki, na ndani yake kitu kinapiga teke.

Mwisho wa Septemba Mgeni akalala chini na kukataa kuinuka.

Mazoya akaja, akamshika tumbo kwa vidole vyake.

"Ana siku tatu azae," akasema. "Na hana siku tatu za kuishi. Mtafutieni chakula cha siku tatu, au chimbeni shimo kubwa la wawili."

Perisi hakuwa na kitu. Alikuwa ametoka kutembea siku nzima na kurudi na mzigo mdogo wa majani, wa kukalia tu. Akaenda kwa Damari, akakaa kizingitini, akarudia maneno ya Mazoya.

Ndani, Bibi Loi alikuwa juu ya godoro lake. Godoro hilo Damari alilishona mwenyewe kwa magunia na kulijaza nyasi laini za masika yaliyopita, kwa sababu mgongo wa bibi ulikuwa umetoka vidonda kwa kulalia ngozi ngumu. Lilinuka shamba. Watoto wa jirani walikuja kuliegemea tu.

Damari alitazama godoro. Kisha akageuza uso, akaona haya.

Bibi Loi akamwona. Wazee waliolala huona kila kitu, kazi nyingine hawana. Akasema, "Damari, mwanangu, lete kisu."

"Cha nini, mama?"

"Mimi nyasi nazilalia. Yule anazila. Mwenye njaa ni nani?"

"Mama, mgongo wako."

"Mgongo wangu umekaa na mimi miaka themanini, haujawahi kuzaa ndama. Lete kisu."

Damari ndiye aliyepasua. Perisi alishindwa. Damari alimbeba mama mkwe akamlaza juu ya gunia tupu, akakunja khanga zake mbili akamwekea bibi chini ya mbavu, akabaki na moja ya kujifunga. Akachukua zile nyasi akazinyunyizia maji ya chumvi, akamlisha Mgeni kwa mkono, kiganja kwa kiganja, siku tatu, asubuhi hadi jioni. Ng'ombe alipokula, Bibi Loi aliuliza kutoka ndani, "Amefika upande gani?" Damari akajibu, "Amefika miguuni, mama." Bibi akacheka. Siku ya pili: "Yuko kiunoni, mama." Siku ya tatu hakujibu, kwa sababu nyasi zilikuwa zimekwisha, na zile za kichwani zilikuwa zimeingia tumboni pamoja na nyingine.

Asubuhi ya nne Mgeni akaanza uchungu.

Akaitwa Mazoya. Akaja anaguna, huku Roda amemshika suruali. "Karatasi yenu iko wapi? Si nilisema atolewe kwa karatasi?" Lakini mkono wa shati alikuwa amekwisha kuukunja. Akaomba mafuta. Perisi akaleta chupa yenye mafuta ya kula ya mwisho, kina cha kidole kimoja. Mazoya akajipaka mpaka kwenye kiwiko, akafumba na lile jicho lake zima, akaingiza mkono.

"Mguu mmoja umekunjika nyuma," akasema. "Mshikeni mama yake kichwa. Mwambieni neno zuri."

Perisi akashika kichwa cha Mgeni. Hakujua aseme neno gani zuri. Akamwambia, "Samahani, mama. Hatukuwa na majani."

Mazoya alifanya kazi mpaka jasho likamwingia kwenye jicho. Akamsukuma ndama nyuma, akaukunjua mguu, akauleta mbele polepole kama mtu anayetoa uzi kwenye tundu la sindano. Ndama akatoka. Jike. Na Mgeni, aliyekuwa ameshikilia roho kwa ajili ya kazi hiyo tu, akashusha pumzi ndefu, hakuivuta tena.

Mwingine angekaa kulia. Mazoya akavamia kiwele kikiwa bado cha moto, akakamua dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ambayo ndama asipoyapata hafiki mbali. Akapata kikombe na nusu. Akamnywesha ndama kwa kidole. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Kuanzia leo mbuzi wangu watamnyonyesha huyu. Asubuhi yake, jioni ya Roda."

"Mzee, hao mbuzi hawatoshi," Perisi akasema.

"Nimekuuliza?"

Wakamchuna Mgeni. Wakapaka ngozi majivu, wakaianika siku nne. Siku ya tano kitovu cha ndama kikavimba, magoti yakafura, akaacha kusimama. Mazoya akapapasa. "Hii inataka sindano," akasema. "Vidole vyangu vimefika mwisho."

Ndipo ikafika zamu ya miguu.

Perisi alikunja ngozi, akajitwika. Gari la mnada lilisimama, kondakta akanusa, likaondoka. Akaenda kwa miguu. Kabla hajatoka kijijini alikuwa ameingia kumuaga mama yake. Bibi Loi, juu ya gunia, akamshika kifundo cha mguu, ndipo alipofikia.

"Unakwenda na ngozi?"

"Ndiyo, mama. Wasije wakasema tumemla. Na nitaomba dawa."

"Nenda. Anayepeleka ngozi haibi."

Siku mbili njiani. Akafika mjini, akaitafuta ofisi ya mradi, akaikuta. Bango lilikuwa limeng'olewa, mashimo mawili ya nguzo yamebaki. Mlinzi akaziba pua.

"Mama, hapa pamefungwa. Wafadhili wamemaliza miaka yao mitatu, wameshakula na keki."

"Nimeleta taarifa ya kifo."

"Iko wapi?"

Akaishusha ngozi.

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Nyie mnaotabasamu hapo, mngecheka vilevile, msijifanye watakatifu. Perisi akakaa langoni. Alikaa siku hiyo na siku ya pili, juani, na ngozi yake, na nzi wake. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Alikunywa maji ya bomba la kuoshea magari. Angeweza kuitupa ngozi ile kwenye jalala na kurudi nyumbani. Lakini angerudi akiwa nani?

Siku ya pili jioni akaja Lesilwa, kuchukua viatu vyake vya mpira na picha yake ya ukutani. Akaona mwanamke. Akaona ngozi. Akaitandaza pale chini, akayapitisha macho kwenye mabaka, na yule kijana aliyezaliwa hukohuko Ugogo akaelewa kila kitu kwa mara moja. Akakaa chini vumbini na suruali yake ya pasi.

"Mama," akasema, "hakuna mwenye ng'ombe tena. Hakuna wa kuipokea."

"Wewe si mtu wa mradi?"

"Nilikuwa."

"Basi pokea. Nimetembea."

Akaipokea. Kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Perisi akamweleza kitovu na magoti ya ndama. Lesilwa akaingia ndani, akapekua kabati lililobaki, akatoka na chupa ya dawa na sindano tano, moja kwa kila asubuhi. Akamfundisha kuchoma, akitumia papai. Mwisho akaandika karatasi, akaipiga muhuri wa ofisi iliyokufa: *Mradi umefungwa. Ndama akipona na kufikisha miezi mitatu, apewe mtu mmoja awe wake kabisa. Aliyeleta ngozi ndiye aseme ni nani.*

"Kwa nini mmoja?" Perisi akauliza. "Tuko watatu."

"Nimeona ng'ombe wa kikundi, mama. Kila mtu anadhani mwenzake kamnywesha maji. Wote niliowaona wamekufa kwa kiu, katikati ya wenyewe."

Siku mbili za njia Perisi alizikunja zikawa moja na kidogo. Alipokaribia Ihandala akamwona Damari amesimama njiani. Amejifunga khanga kiunoni, kichwa kitupu. Mtu hasimami hivyo ila ana msiba. Perisi akasimama.

"Lini?" akauliza.

"Kesho yake baada ya wewe kuondoka. Tulimzika mama juzi. Tulikungoja, wifi, jua likatuzidi." Kisha Damari akamshika bega, akamgeuza kuelekea bandani. "Dawa kwanza. Anapumua kidogo sana. Dawa kwanza, halafu tutalia."

Perisi akachoma sindano. Mazoya alikuwa amemshika ndama. Perisi alipochomoa sindano ndipo alipolia, na kichwa chake juu ya mgongo wa ndama, na ndama akalala hivyohivyo.

"Alisema nini?" akauliza baadaye.

"Aliuliza ndama kama anaishi. Nikamwambia anaishi," Damari akasema. "Akasema, 'Mtunzeni. Hilo ndilo godoro langu.'"

Ndama akapona. Mngetaka nimalizie hapo? Hapana, hamjalipa kiingilio cha mwisho mwema.

Ndama mwenye afya hunywa. Asubuhi ya mbuzi ikawa asubuhi na mchana. Watoto wa mbuzi wote wawili wakafa kwa kukosa maziwa. Novemba maziwa ya jioni yakawa kikombe, kisha nusu, na Roda akaanza kuota nywele nyekundu za njaa. Shangazi yake, upande wa baba, akaja kutoka mbali, akamtazama mtoto, akamtazama ndama anayeng'aa, akamtazama Mazoya.

"Mzee, kati ya hawa wawili mjukuu wako ni yupi?"

Mazoya, bingwa wa majibu, akakunja nguo za mtoto, akampa. Mtoto akafungwa mgongoni, akaondoka. Tangu siku hiyo Mazoya hupakua bakuli mbili za uji, halafu hukumbuka.

Januari mvua zikaja za kweli. Majani yakaota mpaka mlangoni, kana kwamba yalikuwa yamejificha yakisubiri watu wamalizane. Ndama akatimiza miezi mitatu. Wakakutana watatu mbele ya banda, karatasi ya Lesilwa imefunuliwa juu ya kinu.

Damari akasema kwanza. "Wifi, mimi sina maneno ya kugombana. Nilishika namba mbili, ukaona kwa macho yako. Ndama wa kwanza ni wangu tangu akiwa tumboni. Na nyasi zile nilizipasua mimi. Nililala nasikia mama anagugumia juu ya gunia, usiku na mchana, mpaka akanyamaza. Nikimkosa huyu ndama, nilimlaza chini kwa ajili ya nini?"

Mazoya akatema ugoro. "Mimi sina namba. Niliambiwa mradi ni wa kina mama, nikakaa dirishani. Lakini niambieni, ndama yupo hapa kwa namba? Mkono huu ulimtoa. Maziwa ya mtoto wangu ndiyo damu iliyomo humo. Nikiwa na ng'ombe wa maziwa, shangazi yake Roda ameniahidi atamrudisha. Nisipokuwa naye..." Akaishia hapo. Akajifanya anafuta lile jicho bovu.

Wakamgeukia Perisi.

Naye angesema nini? Aliijua haki yake. Aliyepeleka ngozi hukabidhiwa mwingine. Hivyo ndivyo babu zao walivyofanya, na asingeipeleka, dawa isingekuja, na pale wangekuwa wamesimama kwenye kaburi la ndama. Miguu yake ilimgharimu mazishi ya mama yake. Alipokuwa langoni analinda ngozi kwa ajili ya mwenye ng'ombe ambaye hayupo, wengine walikuwa wanamwagia udongo Bibi Loi. Na zaidi ya hapo hakuwa na kitu: akimtoa ndama huyu, kesho asubuhi nyundo na kokoto, mpaka na yeye atakapoinama kama nyumba yake.

Lakini karatasi ilimpa kusema, haikumpa kufumba macho. Upande wa kulia alimwona Damari na khanga moja. Kushoto alimwona Mazoya, jirani asiyekuwa kwenye orodha yoyote.

"Wifi, sema," Damari akasema.

"Sema, mama," Mazoya akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama.

Ndama akavuta kamba, akaanza kutafuna pindo la khanga ya Perisi. Alikuwa na mabaka ya mama yake. Hakuwa na jina, maana jina hutolewa na mwenye ng'ombe.

Perisi akaishika kamba kwa mikono miwili, kama ilivyopokelewa ile ngozi, akafungua mdomo.

Haya, wajuaji. Msiniambie wagawane, mmesikia ya ng'ombe wa kikundi. Msiniambie auzwe, hilo godoro la Bibi Loi haliuzwi. Nyasi za Damari, vidole vya Mazoya, miguu ya Perisi: ondoa kimoja, hakuna ndama. Kamba iko mkononi mwako sasa. Wewe ungemkabidhi nani, na hao wawili wanaobaki ungewatazama na macho gani?